Elijah Masinde na Bunduki za Chetambe

Msomaji anayetaka kumwelewa marehemu Elijah Masinde wa Kimilili asianzie kwenye Dini ya Msambwa. Na aanzie 1895, kabla Masinde hajazaliwa. Wakati huo Waingereza waliwadai Wabukusu bunduki za kijeshi zilizoletwa kwao na askari Wasudani waliotoroka kazini. Wabukusu walikataa kuzitoa, wakawaua askari wapatao 25 waliotumwa kuzifuata. Ndipo C. W. Hobley akaja na jeshi, Wawanga na Waganda wakiwa pamoja naye, akazivunja ngome za Lumboka na Chetambe. Bunduki chache tu, na waliokufa ni mamia!

Masinde alikua akizisikia habari hizo. Ujanani alisifika kwa kandanda. Baadaye aligombana na wakoloni juu ya kazi za kulazimishwa, nao wakamtia katika hospitali ya wendawazimu ya Mathari. Alipotoka, mwaka 1947 aliwaongoza maelfu ya watu hadi Chetambe kuwakumbuka waliouawa pale.

Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wa dini hiyo huko Malakisi, wakaua 11. Miaka zaidi ya 50 ilikuwa imepita, na bunduki bado zilikuwa za upande mmoja. Dini ikapigwa marufuku, Masinde akawekwa kizuizini Lamu, mbali kabisa na mlima Elgon, hadi Uhuru ulipokaribia. Hata serikali ya Kenya huru ilimfunga. Alifariki mwaka 1987. Mabaki ya Chetambe yako mlimani, juu ya Webuye.