Simba Aliyetoka Kericho: Maisha ya Joginder Singh (1932–2013)

Wasifu katika Kiswahili umezoea kuwaandama washairi, mashehe, watawala na wapigania uhuru. Mafundi wa magari ni nadra kutajwa humo. Hata hivyo, kwa takribani miongo miwili, mojawapo ya majina yaliyotamkwa mno kandokando ya barabara za Kenya kila Pasaka lilikuwa la fundi wa gereji, Joginder Singh, na jina hilo lilitamkwa kwa tafsiri ya Kiswahili.

Joginder alizaliwa Kericho tarehe 9 Februari 1932. Mji huo wa majani chai umekaa juu ya mteremko unaoshuka hadi uwanda wa Kano na kuishia Kisumu, ukingoni mwa Ziwa Viktoria. Kati ya mji huu na ule pana tofauti ya kimo inayokaribia mita 1,000. Reli iliyojengwa kwa jasho la vibarua kutoka Bara Hindi ilifika ziwani mwaka 1901, na kuanzia hapo maduka na karakana za Wahindi zilienea katika miji yote ya eneo hilo. Babake, Battan Singh, hakuwa mmoja wa vibarua hao. Alihamia Kenya kutoka Punjab katika miaka ya 1920, akafungua gereji. Humo ndimo mwanawe, kifungua mimba wa familia kubwa, alimojifunza kuifungua injini na kuifunga tena. Wanaosimulia sifa zake huanza na kasi. Ingefaa waanze na spana, kwa sababu dereva aliyejua ni kitu gani kinachovunjika chini ya gari, na kwa nini kinavunjika, ndiye aliyejua pia mahali pa kupunguza mwendo.

Wanafunzi wa lugha watavutiwa na jambo jingine. Msikh katika Kiswahili huitwa Kalasinga, neno ambalo inasemekana lilitokana na Kala Singh, mfanyabiashara wa awali aliyefika bara mwishoni mwa karne ya 19. Jina la mtu mmoja liligeuka kuwa jina la umma mzima, na aghalabu hutamkwa kwa mzaha, wakati mwingine kwa dharau. Joginder alikua katika jamii iliyokuwa na lakabu tayari kabla hajazaliwa.

Mashindano yaliyomtoa katika lakabu hiyo yalianza mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, yaani zile nchi tatu zinazogawana ziwa. Hayakuwa mbio za uwanjani. Magari yalikwenda maelfu ya kilomita, usiku na mchana, katika barabara zile zile za wakulima na wafugaji, tena wakati wa masika. Anayeujua udongo mweusi wa Kano baada ya mvua hahitaji kuelezwa. Gari huzama hadi ekseli, na bila mikono ya wanakijiji halitoki.

Joginder aliingia katika Safari kwa mara ya kwanza mwaka 1959. Miaka sita baadaye, Pasaka ya 1965, yeye na nduguye Jaswant walishiriki kwa Volvo PV544 kuukuu, iliyokuwa imekwisha kutumiwa na timu ya kiwanda katika mashindano ya mwaka uliotangulia. Walipewa nambari 1, hivyo wakatangulia kuondoka. Kutangulia kulikuwa na faida wakati wa vumbi. Wakati wa matope, wa kwanza ndiye aliyewapimia wenziwe kina cha dimbwi. Ndugu hao walishinda kwa mwanya wa zaidi ya saa nzima. Kabla yao hakuna dereva asiye Mzungu aliyewahi kulitwaa taji hilo. Kenya ilikuwa haijatimiza hata miaka miwili ya uhuru.

Ushindi huo wa 1965 ndio mzito kuliko yote, ingawa ya baadaye ilipata matangazo zaidi. Uzito wake unaonekana katika yaliyofuata. Mwaka 1967 sheria za uhamiaji na za leseni za biashara ziliwabana Waasia wasiokuwa raia wa Kenya; mwaka 1968 Uingereza nayo ikawafungia mlango wengi waliokuwa na pasi zake. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Miongoni mwa waliokimbilia Kenya alikuwamo Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala, aliyeshinda Safari mwaka uliofuata. Wakati swali la nani ni mwenyeji likijadiliwa bungeni na sokoni, kando ya barabara watu walimshangilia Kalasinga kama mtu wao.

Kampuni za magari ziliyaona mashindano haya kuwa mtihani usio na udanganyifu. Gari lililovumilia Safari lilikuwa limekwisha kujitangaza kwa mnunuzi wa Kisumu au Mwanza. Peugeot, Ford na Datsun zilikwisha kuvuna humo. Mwaka 1974 ilikuwa zamu ya Mitsubishi. Joginder, akiwa na mwelekezi wake David Doig, aliiendesha Lancer ndogo ya injini ya sentimita za ujazo 1,600, akaishinda Porsche ya Björn Waldegård kutoka Uswidi. Mwaka 1976 wawili hao walirudia, na safari hii Lancer zilichukua nafasi zote tatu za mwanzo. Joginder akawa dereva wa kwanza kushinda Safari mara tatu.

Magazeti ya Kiingereza yalimwita Msikh Apaaye, jina ambalo tayari lilikuwa la mwanariadha Milkha Singh wa India. Wakenya walimwita Simba. Singh, kwa asili yake ya Kisanskriti, maana yake ni simba. Haielekei kuwa vijana waliolipaza jina hilo barabarani walikuwa wamefungua kamusi. Walimtazama akitoka topeni, wakampa kwa Kiswahili jina alilozaliwa nalo. Neno Kalasinga halikufutika kwa sababu hiyo, wala halijafutika. Lakini yeye alikuwa na jina lake.

Alishiriki Safari kwa mara ya mwisho mwaka 1980. Katika mashindano 22 alimaliza 19, na hesabu hiyo inastahili kuwekwa kando ya ile ya mwaka 1968, ambapo magari 7 tu ndiyo yaliyofika mwisho, lake likiwa mojawapo. Alifariki London tarehe 20 Oktoba 2013, akiwa na umri wa miaka 81.