ALEC ISSIGONIS: ALIFELI HESABU MARA TATU, AKABADILI MAGARI YA DUNIA

Leo tuweke pembeni kidogo ule ubishi wa Vitz na IST ipi kali. Nawaletea mzee mmoja ambaye kama umeshawahi kupanda gari ndogo yoyote hapa mjini, basi umeshakalia mawazo yake bila kujua. Anaitwa Alec Issigonis, ndiye aliyebuni Mini.

Alizaliwa tarehe 18 Novemba 1906 katika mji wa Smyrna, ambao leo ni Izmir huko Uturuki. Baba yake Mgiriki mwenye uraia wa Uingereza, mama ana asili ya Ujerumani. Mwaka 1922 vita ya Wagiriki na Waturuki ikafika mpaka mjini kwao, familia ikahamishwa kwa meli za Waingereza hadi Malta. Baba akafia huko huko. Mama na kijana wake wakaingia Uingereza kuanza maisha upya.

Akaenda kusoma chuo cha ufundi Battersea, London. Sasa hapa ndipo patamu: mtihani wa hesabu alifeli mara tatu! Lakini kwenye kuchora jamaa alikuwa moto. Maisha yake yote alichora magari kwa mkono, kisha mafundi wanageuza michoro ile kuwa chuma. Nyie mliopigwa na hesabu kidato cha nne, mnasoma hapo?

Mwaka 1936 akaingia kampuni ya Morris. Huko akatoa Morris Minor, iliyozinduliwa 1948. Gari ya majaribio ilipokamilika aliona imekaa nyembamba mno. Akaamuru ikatwe katikati kwa urefu, nusu zikasogezwa mpaka jicho lake likaridhika, kama inchi 4 hivi. Ndio maana boneti ya Minor ina utepe mpana katikati. Bosi wake Lord Nuffield hakuipenda kabisa, akaifananisha na yai lililochemshwa bila ganda. Yai hilo likawa gari ya kwanza ya Uingereza kuuza zaidi ya milioni moja.

Halafu ikaja 1956, mgogoro wa Mfereji wa Suez. Mafuta Uingereza yakawa ya mgao. Kampuni ya BMC, ambayo Morris ilikuwa ndani yake, ikamwagiza Issigonis atengeneze gari ndogo ya kweli, na haraka. Tarehe 26 Agosti 1959 Mini ikazinduliwa. Urefu wake futi 10 tu, lakini watu wanne wazima wanaenea na mizigo yao.

Aliwezaje? Injini aliilaza kwa upana badala ya urefu, gia boksi akaiweka chini ya injini ndani ya oili ileile, nguvu akazipeleka matairi ya mbele. Matairi yenyewe madogo, inchi 10. Badala ya springi za chuma akatumia mpira, kazi ya rafiki yake Alex Moulton. Kwa hiyo karibu nafasi yote ya gari wakabaki nayo watu.

Sasa tuje kwenye muonekano. Issigonis alikuwa hataki mapambo. Wakati Wamarekani wanaweka mikia kama ya ndege, yeye aliacha bawaba za milango na maungio ya bodi yaonekane nje. Vioo vya kusukuma pembeni, ili mlangoni pawe na mfuko mkubwa wa vitu. Redio hakuna. Kwa maoni yangu ndio uzuri wa Mini ulipotokea: kila kitu kipo kwa sababu.

Ila ubishi wake ulikuwa na gharama. Ile 1100 ya mwaka 1962, ambayo bodi yake ilipitiwa na Pininfarina wa Italia, ni nzuri na iliuza sana Uingereza. Lakini 1800 ya 1964 ina nafasi kama sebule, sura hamna. Na Maxi ya 1969 ikabandikwa milango ya hiyo hiyo 1800! Ina gia tano na mlango mkubwa nyuma, akili nyingi, lakini mvuto sifuri.

Kuna na suala la bei. Mini ilianza kuuzwa chini ya pauni 500 pamoja na kodi. Ford wakanunua moja, wakaifungua kipande kwa kipande, wakapiga hesabu na kuona BMC wanakula hasara kila wanapouza. Jamaa walishinda Monte Carlo Rally 1964, 1965 na 1967, mastaa wakainunua, lakini mfukoni hali si hali. Mwaka 1968 BMC ikaunganishwa na Leyland, na mwaka 1975 serikali ikalazimika kulichukua kampuni lote.

Issigonis alipewa cheo cha Sir mwaka 1969, akastaafu 1971, akafariki Birmingham tarehe 2 Oktoba 1988. Mini ya kwake ilitengenezwa mpaka 2000, zaidi ya milioni 5. Tangu 2001 BMW wanatengeneza MINI yao, kubwa zaidi na bei imechangamka.

Na ukifungua boneti ya Vitz leo, injini imelala kwa upana na matairi ya mbele ndiyo yanavuta. Tofauti ni kwamba gia boksi iko ubavuni, mtindo ulioanzia Italia 1964 kwenye Autobianchi Primula.

Swali langu wadau: gari inayompa mnunuzi raha kuliko pesa yake, huku kiwanda kinazama, tuiite gari bora au biashara mbovu? Mimi nasema bora, ila mhasibu alipaswa kuwepo tangu siku ya kwanza. Tiririkeni hapo chini, matusi hapana.