John Ford: Kauboi wake walienda 'nyika tupu', kumbe ilikuwa na wenyewe

Ukiona kwenye muvi magari ya farasi yakitimua vumbi kuelekea magharibi, jua mkono wa John Ford uko hapo.

Jamaa alizaliwa 1894 jimbo la Maine, mashariki kabisa mwa Marekani, wazazi wake wakiwa wahamiaji kutoka Ireland. Akamfuata kakake Hollywood. Mwaka wa 1924 akatoa The Iron Horse, kuhusu reli ya kuvuka bara. Mwaka wa 1939 Stagecoach ikampa John Wayne jina.

Hadithi ilikuwa moja: magharibi kuna nyika tupu, mwenye roho ngumu ajichukulie. Wenyeji je? Wanashuka mlimani wakipiga mayowe, wanapigwa risasi, basi. Tena Waapache wa Stagecoach waliigizwa na Wanavajo!

1964, akiwa na miaka 70, Ford akageuza kamera. Cheyenne Autumn inafuata Wacheyenne waliohamishwa kwa nguvu, wakatoroka 1878 kurudi kwao kaskazini, jeshi likiwaandama. Lakini hata hapo, machifu wao waliigizwa na watu wa nje.

Ford alifariki 1973. Muvi zake ni tamu, sikatai. Ila ukizitazama, jiulize: hiyo nyika ilikuwa ya nani?