William Shakespeare: Nasaba ya Gwiji katika Sajili za Kanisa

Jina la William Shakespeare si geni kwa mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili. Mwalimu Julius Nyerere alimkaribisha katika lugha hii alipotafsiri tamthilia ya Julius Caesar mwaka wa 1963, na baadaye ile ya Mabepari wa Venisi mwaka wa 1969. Hata hivyo, gwiji huyu hakuacha shajara wala tawasifu. Mengi yanayojulikana kuhusu ukoo wake yametokana na mistari mifupi iliyoandikwa na watumishi wa kanisa, ambao hawakujua kwamba walikuwa wakihifadhi historia ya fasihi.

Mnamo mwaka wa 1538, Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, aliamuru kila parokia ya Uingereza iweke kitabu cha ubatizo, ndoa na maziko. Sajili ya Kanisa la Utatu Mtakatifu mjini Stratford-upon-Avon huanza mwaka wa 1558. Kitabu kilichopo ni nakala ya ngozi iliyoandikwa mwaka wa 1600 kutokana na sajili ya awali. Atafutaye nasaba humo hana budi kuwa mwangalifu, kwani enzi hizo mwaka mpya ulihesabiwa kuanzia tarehe 25 Machi. Mtoto aliyebatizwa Februari 1585 aliandikwa chini ya mwaka wa 1584.

Chimbuko la ukoo huu liko kijijini. Richard Shakespeare, babu yake William, alikuwa mkulima wa Snitterfield, kaskazini mwa Stratford, na sehemu ya ardhi aliyolima ilimilikiwa na Robert Arden wa Wilmcote. John, mwanawe Richard, aliuacha ukulima akahamia Stratford, akawa fundi wa glavu, kisha akamwoa Mary, bintiye Robert Arden. Hivyo ndivyo mwana wa mpangaji alivyomwoa binti wa mwenye shamba.

Kuanzia hapo, sajili ndiyo inayosimulia. Joan alibatizwa tarehe 15 Septemba 1558, na Margaret tarehe 2 Desemba 1562. Margaret alizikwa Aprili iliyofuata, angali mchanga. Jina la Joan nalo lilirudiwa kwa binti mwingine mwaka wa 1569, ishara kwamba wa kwanza alikuwa amekwisha kufariki. William alibatizwa tarehe 26 Aprili 1564. Siku yake ya kuzaliwa haikuandikwa popote. Miezi mitatu haikutimia kabla ya sajili hiyo hiyo kudokeza, kwa Kilatini, kwamba tauni imeingia mjini. Watu zaidi ya 200 waliangamia, lakini mtoto yule akanusurika.

Ndoa ya William haimo katika sajili ya Stratford. Habari zake zimo katika hati za askofu wa Worcester za Novemba 1582. Hati moja inamtaja bibi arusi kuwa Anne Whateley wa Temple Grafton, na nyingine, ya siku iliyofuata, inamtaja Anne Hathaway wa Stratford. Wataalamu wengi huona kwamba jina la kwanza ni kosa la karani. Susanna alibatizwa tarehe 26 Mei 1583, miezi sita tu baadaye. Pacha, Hamnet na Judith, wakafuata tarehe 2 Februari 1585.

Mstari wenye uchungu zaidi ni wa tarehe 11 Agosti 1596, siku Hamnet alipozikwa akiwa na umri wa miaka 11. Sajili haitaji ugonjwa, wala haisemi kama baba alikuwapo. Miaka michache baadaye Shakespeare aliandika tamthilia ya Hamlet, na wahakiki wamebishana tangu zamani iwapo kufanana kwa majina hayo ni sadfa au ni sauti ya mzazi aliyefiwa. Kisa cha mwanamfalme huyo kilikuwapo kabla yake. Kwa hiyo mhakiki anayetegemea jina pekee anajenga juu ya mchanga.

Shakespeare mwenyewe alizikwa tarehe 25 Aprili 1616 katika kanisa alimobatizwa. Judith, aliyekuwa ameolewa na Thomas Quiney Februari mwaka huo, alijifungua mwana Novemba na kumpa jina la Shakespeare. Mtoto huyo alizikwa Mei 1617, na ndugu zake wawili, Richard na Thomas, walizikwa mwanzoni mwa mwaka wa 1639. Elizabeth, mtoto wa pekee wa Susanna, alifariki mwaka wa 1670 bila kuacha mtoto. Kizazi cha mwandishi kikakatika.

Nasaba iliyosalia ni ya dada yake, yule Joan wa pili, aliyeolewa na mtengeneza kofia William Hart. Kizazi chake kipo hadi leo. Aliyetumaini kuacha jina lake kwa mwana wa kiume aliliacha kwa wasomaji, na sajili ya parokia ikabaki shahidi wa mambo mawili: kwamba mtu huyu aliishi kama majirani zake, akazaa na kuzika, na kwamba kipaji chake hakikuwa na safu ya kujazwa katika kitabu cha karani.