Papa Wendo, mwimbaji aliyesemwa kwamba anaamsha wafu

Usiku kule Kamango, kama batri ya jua iko na nguvu bado, vijana wanakusanyika mbele ya televizyo moja kuangalia filamu za kutisha. Hadithi yenyewe tunaijua sote: kuna nyumba tupu, ndani yake kuna disiki ya zamani, mtu anaipiga usiku na wafu wanaamka. Watoto wanapiga makelele, kiisha wanaogopa kurudi nyumbani peke yao. Wengi wanafikiri mambo ya namna ile yanatungwa Ulaya ao Marekani tu. Kumbe mu inchi yetu mtu wa kweli alifungwa buloko juu ya hadithi kama hiyo. Ni Antoine Wendo Kolosoy, ambaye Kongo yote ilimuita Papa Wendo.

Alizaliwa mwaka wa 1925 kule Mushie, mu eneo ambalo leo ni jimbo la Mai-Ndombe. Alipokuwa na miaka 7, baba yake alikufa. Mama yake, mwanamke aliyejua kuimba, naye akafa miaka michache nyuma yake. Mtoto akabaki yatima, mapadri wakamupokea mu nyumba yao ya kulelea watoto. Hapo alishika gitare, akaanza kutunga nyimbo zake. Lakini maneno ya nyimbo zile hayakuwapendeza mapadri. Alipokuwa na miaka 12 ao 13, wakamufukuza. Kwa hiyo ugomvi kati ya Wendo na watu wa Kanisa ulianza zamani, mbele hata ya ule wimbo uliomuletea jina na mateso.

Kijana asiye na baba wala mama anafanya kazi anayoipata. Wendo alifanya kazi kwenye masuwa ya mto Kongo, akabeba mizigo ku bandari, akapigana ngumi kwa mashindano. Ngumi hizo zilimupeleka mpaka Kamerun na Senegali. Popote alipofika, gitare ilikuwa naye. Masuwa yalisimama kwenye vituo vya mto, na watu wa vituo vile walimusikia akiimba kwa Lingala, na ile sauti yake iliyopanda na kushuka kama mtu anayeita mwenzake ng'ambo ya maji. Jina la Wendo nalo, wanasema, lilitoka ku jina la mtawala Mwingereza, Duke wa Windsor, ambalo watu walilikata na kulitamka kwa namna yao.

Mu mwaka wa 1948, Mgiriki mmoja, Nicolas Jeronimidis, alifungua nyumba ya kurekodi muziki kule Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo. Akaiita Ngoma. Mwaka ule ule Wendo alirekodi pale « Marie-Louise », pamoja na mupiga gitare Henri Bowane. Ni wimbo wa mapenzi tu, juu ya binti mwenye jina hilo. Hakuna shetani ndani, wala kaburi. Lakini gitare ya Bowane ilifanya jambo ambalo watu hawakulizoea: sauti ya mwimbaji inanyamaza, gitare inabaki peke yake, inarudia na kurudia, inawaka, na mwenye kucheza hawezi tena kukaa. Sehemu ile ndiyo tunayoiita sebene mpaka leo. Radio Congolia ikaupiga wimbo, na disiki zikaenda mbali, zikavuka mipaka ya koloni.

Hapo ndipo maneno yalianza. Watu walisema kwamba ukipiga « Marie-Louise » saa sita ya usiku, wafu wanaamka. Viongozi wa Kanisa Katolika hawakucheka. Walisema wimbo uko na nguvu za shetani. Makelele yalikuwa mengi hata Wendo akalazimika kutoka Léopoldville. Kule Stanleyville, Kisangani ya leo, serikali ya Wabeleji ikamufunga kwa muda mufupi. Kanisa nalo likamutenga.

Tujiulize basi: juu ya nini watu waliamini? Sisi tunaona sababu mbili. Ya kwanza ni fono yenyewe. Kwa mzee wa 1948, kusikia sauti ya mtu ikitoka mu kisanduku, na mwenyewe hayuko, halikuwa jambo dogo. Sauti bila mwili, kwetu, ni sauti ya muzimu. Tena nani kati yetu aliyefiwa hajatamani, usiku wa manane, kwamba mlango ufunguke na yule aliyekwenda arudi? Hadithi ya wimbo unaoamsha wafu ilitoka ku woga, lakini ilitoka pia ku huzuni.

Sababu ya pili ni ya wakubwa. Wakati wa Wabeleji, mweusi hakuwa na ruhusa ya kutembea usiku mu muji wa wazungu. Wimbo unaokusanya watu wengi, wanaocheza mpaka saa sita, wakifuata mtu asiyekuwa padri wala askari, unaweza kuwasumbua wenye kutawala. Kumufunga mtu juu ya mapenzi ya Marie-Louise kungekuwa haya. Kumufunga juu ya shetani ni rahisi.

Wendo hakunyamaza. Aliendelea kuimba, na mu miaka ya 1950 alikuwa na wenzake Bukasa na D'Oliveira mu kikundi walichokiita Trio BOW, kila mmoja kwa herufi ya jina lake. Alikuwa pia rafiki ya Patrice Lumumba. Lumumba alipouawa mwezi wa 1, 1961, na nyuma yake Mobutu akashika inchi, Wendo alichoka na wanasiasa waliotaka waimbaji wawe midomo yao. Akaacha muziki. Kwa miaka mingi watu walisema « tango ya ba Wendo », maana yake wakati wa akina Wendo, kama vile mtu anavyosema enzi za mababu, na mwenyewe alikuwa hai bado, kule Kinshasa, amesahauliwa.

Nyuma ya mwaka wa 1997, Mobutu alipoanguka, mzee alirudi. Alirekodi tena, akasafiri, akaimba Ulaya. Mwaka wa 2007 Jacques Sarasin alitoa filamu juu yake, « On the Rumba River ». Wendo alikufa Kinshasa tarehe 28 mwezi wa 7, 2008, akiwa na miaka 83. Mwezi wa 12, 2021, Unesco iliandika rumba ya Kongo mu mali ya watu wote wa dunia. Muziki ule uliosemwa kuwa wa shetani, leo serikali inajivunia nao.

Kwetu Kamango, nyumba tupu hatukuzijua mu filamu tu. Mwezi wa 7, 2013, muji uliposhambuliwa, watu zaidi ya 60.000 walivuka mpaka kwenda Bundibugyo, Uganda. Aliyerudi nyuma ya miezi na kukuta majani yamefika ku dirisha, anajua vile masikio yanaweza kusikia mambo usiku. Woga ule si uongo. Uongo unaanza asubuhi, wakati woga unatafuta mtu wa kubeba kosa: mjane fulani, mzee fulani, mtoto fulani anayeitwa mulozi. Katiba yetu, mu kifungu cha 41, inakataza kumushitaki mtoto bulozi, lakini sheria hailali mu kila nyumba.

Vijana, muangalie filamu zenu, muogope, mucheke. Tangu 1948 saa sita ya usiku imepita mara nyingi, « Marie-Louise » inapigwa, na hakuna kaburi hata moja lililofunguka. Ni mlango wa buloko ndio ulifunguka, na aliyeingizwa alikuwa mtu mwenye kosa moja tu: kuimba vizuri.