Caravaggio na Picha Iliyokataliwa Altareni

Kila mwaka huwauliza wanafunzi wangu wa isimu iwapo lugha ya sokoni yaweza kubeba jambo takatifu. Aghalabu husita. Nami, badala ya kuwarundikia nadharia, huwasimulia habari za Michelangelo Merisi, mchoraji wa Kiitalia aliyezaliwa mwaka wa 1571 na ambaye ulimwengu humwita Caravaggio, jina la mji wa wazazi wake.

Babake alifariki tauni ilipovamia, mwaka wa 1577. Mnamo 1584 kijana akatiwa uanagenzini kwa Simone Peterzano mjini Milan, kisha akahamia Roma. Huko, baada ya dhiki nyingi, picha zake za Mtakatifu Mathayo katika kanisa la San Luigi dei Francesi zikamtoa gizani. Alikuwa bingwa wa mwanga na kivuli. Ole wake, alikuwa bingwa wa ugomvi vilevile.

Mwaka wa 1601 mwanasheria Laerzio Cherubini alimwagiza picha ya kifo cha Bikira Maria, itundikwe altareni katika kanisa la Wakarmeli la Santa Maria della Scala. Watu walizoea kumwona Mama huyo katika utukufu. Caravaggio akawachorea maiti. Mwanamke amelazwa, gauni lake jekundu, tumbo limefura, nyayo tupu zimetokeza. Mitume wamesimama kwa simanzi, naye Maria Magdalena amejiinamia karibu na beseni. Malaika hawapo, juu pana pazia tu, na kichwani kijiduara chembamba cha nuru. Yeyote aliyewahi kufiwa huutambua msiba ule.

Wakarmeli waliikataa. Ilinong'onwa kwamba aliyemkalia mchoraji kama kielelezo alikuwa kahaba. Hayo, kwa maoni yangu, yalikuwa kisingizio. Kilichowatisha hasa ni kwamba marehemu alikuwa amekufa kweli. Hata hivyo siwabezi, kwani waliagiza picha ya kuswalia.

Mnamo 1606 Caravaggio alimwua Ranuccio Tomassoni, akatoroka Roma. Mwaka uliofuata mchoraji Rubens akamshauri mtawala wa Mantua ainunue picha ile. Kabla haijasafirishwa ilionyeshwa hadharani, na watu wakamiminika kuitazama. Mwenyewe hakuwapo. Huko Malta alitunukiwa cheo cha ushujaa mwaka wa 1608, na kabla mwaka haujaisha akavuliwa. Alifariki Porto Ercole Julai 1610, akiwa na miaka 38, njiani kurejea Roma akitumaini msamaha wa Papa.

Picha nayo ikaendelea kutangatanga. Ilimfikia Mfalme Charles wa Kwanza wa Uingereza, aliyekatwa kichwa 1649. Kisha Louis wa Kumi na Nne wa Ufaransa. Leo imo katika makumbusho ya Louvre, Paris.

Pale altareni Wakarmeli waliweka kazi ya Carlo Saraceni. Hiyo ina malaika, na nijuavyo wanafunzi wangu, nusu yao wangaliichagua.