Manuel García: mwalimu aliyeiona sauti kwa kioo

Mwalimu wa darasa kubwa mara nyingi hufika Ijumaa sauti imekauka. Wengi huona ni kawaida ya kazi. Leo tunawaletea habari za mwalimu mwenzao wa zamani, ambaye naye sauti yake iliharibika, akatumia maisha yake kutafuta sababu.

Manuel García alizaliwa mwaka 1805 katika familia ya waimbaji wa Hispania. Baba yake alikuwa mwimbaji maarufu, na dada zake, Maria na Pauline, walikuja kusifika kote Ulaya. Mwaka 1825 familia ilivuka bahari kwenda New York kuimba opera, yaani mchezo wa kuigiza unaoimbwa. Manuel alikuwa na miaka 20 tu, akaimba mfululizo kazi nzito kuliko sauti yake. Kabla hajafika miaka 30, aliacha jukwaa.

Hakukaa kulalamika. Alikwenda kufanya kazi katika hospitali za kijeshi nchini Ufaransa, akajifunza jinsi koo lilivyoumbwa. Kisha akawa mwalimu wa kuimba mjini Paris.

Mwaka 1841 alifikiwa na binti wa miaka 20 kutoka Sweden, Jenny Lind, ambaye sauti yake ilikuwa imechakaa kwa kuimba kupita kiasi. García hakuanza kumfundisha. Alimwambia kwanza anyamaze kwa wiki kadhaa. Baada ya mapumziko hayo ndipo akamfundisha upya taratibu, na Lind akawa mmoja wa waimbaji waliojulikana zaidi duniani.

Lakini García bado alitaka kuiona sauti yenyewe. Mwaka 1854, akiwa Paris, alinunua kioo kidogo chenye mpini mrefu, cha madaktari wa meno. Akakipasha moto kwenye maji ya moto kisipate ukungu, akakifuta, akakiingiza kinywani hadi kwenye kimio. Kwa kioo kingine cha mkononi akaelekeza mwanga wa jua ndani ya koo, na hapo akaona nyuzi zake za sauti zikifunguka na kufunga.

Mwaka uliofuata aliwaeleza wanasayansi wa London alichokiona. Madaktari wakaichukua njia hiyo, wakaanza kuchunguza koo la mgonjwa akiwa hai.

Alichokiona García kila mmoja wetu anacho. Nyuma ya kikoromeo kuna mikunjo miwili midogo ya nyama laini. Tukivuta pumzi, hufunguka. Tukisema, husogeleana, na hewa inayotoka mapafuni huitikisa: kama mara 100 kwa sekunde kwa mwanamume, na kama 200 kwa mwanamke. Ukipiga kelele, inagongana kwa nguvu zaidi. Ikigongwa hivyo kila siku, huvimba, na inaweza kuota vinundu. Ndiyo maana sauti hukwaruza.

Kwa hiyo, mwalimu, usishindane na kelele. Piga makofi au gonga meza, subiri watoto watulie, kisha sema. Sogea katikati yao badala ya kupaza sauti kutoka ubaoni. Kunywa maji kidogo kidogo siku nzima. Usikohoe kwa nguvu kusafisha koo, meza mate au maji. Vumbi la chaki lifute kwa kitambaa kibichi. Vipindi viwili vya kusema vikifuatana, cha tatu wape kazi ya kuandika, nawe upumzike. Sauti ikikauka, nyamaza. Kunong'ona kwa nguvu nako kunaichosha. Na ikikwaruza zaidi ya wiki tatu, nenda kituo cha afya, hata kama huna maumivu. Ukishindwa kupumua au kumeza, au ukitema damu, usisubiri hata siku moja.

García alihamia London mwaka 1848, akafundisha huko miaka mingi, hadi akiwa mzee wa karibu miaka 90. Machi 1905 alitimiza miaka 100, na madaktari na waimbaji walikusanyika kumpongeza. Alifariki Julai 1906. Sauti yake ya jukwaani haikurudi, lakini aliyoyagundua kutokana na hasara hiyo yamewasaidia wengi kuitunza yao. Nawe itunze yako, maana ndiyo jembe lako.